Saa za kazi ziishe hata kwenye simu

BlackBerry ya kwanza, iliyotolewa mwaka 1999 na kampuni ya Research In Motion ya Kanada, haikuwa hata na uwezo wa kupiga simu. Kazi yake ilikuwa barua pepe: iliingia yenyewe mfukoni, mtu hana haja ya kukaa mbele ya kompyuta kuitafuta. Simu ndani yake ilikuja mwaka 2002. Kwa maoni yangu, hapo ndipo ofisi ilipoanza kumfuata mtu hadi mezani kwake wakati wa chakula cha jioni.

Huku Mbeya wengi hatukuzigusa BlackBerry. Tulitoka kwenye kitochi tukaingia moja kwa moja kwenye simu za kupangusa na WhatsApp. Lakini tabia ile ya kutakiwa kupatikana muda wote tuliipokea kama ilivyo.

Faida zipo, tena kubwa. Nenda Uyole msimu wa viazi. Zamani mnunuzi wa Dar es Salaam alisafiri mwenyewe au aliamini maneno ya dalali. Leo anataka picha ya gunia lililofunguliwa mdomo, viazi vichache vimwagwe juu ya turubai auone ukubwa wake, kisha picha ya lori likipakia na namba yake ya usajili isomeke. Lumbesa nayo, yaani gunia lililojazwa kupita kipimo, anaiona palepale. Pesa inatumwa kabla gari halijafika Igawa.

Sasa mtazame anayepiga picha hizo. Mara nyingi ni binti aliyeajiriwa ghalani, simu yake, bando lake. Saa nne usiku bosi anaandika: "Mzigo umefika wapi?" Tiki mbili zikigeuka bluu na jibu halipo, asubuhi ni maneno. Akiwa kwao Rungwe, mvua imekata umeme na mtandao umeondoka, anaambiwa amezima simu makusudi. Hilo linaniudhi kuliko yote.

Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 imeweka ukomo wa saa 9 za kawaida kwa siku na saa 45 kwa wiki, na saa za ziada zina malipo yake. Iliandikwa kabla ya WhatsApp kuwepo, ila sioni kwa nini kufuatilia lori usiku kwa meseji kusihesabiwe kazi wakati kulisubiri getini kunahesabiwa. Usingizi unaokatika ni uleule.

Waajiri wetu wa Mwanjelwa, Makambako na Tunduma wanaweza kuanza bila kusubiri bunge. Kama kazi inahitaji picha, bando linunuliwe na ofisi. Lori likiharibika Kitonga usiku, mpigie mtu simu, ataelewa kuwa ni dharura. Hesabu ya magunia iandikwe asubuhi akisharipoti kazini, na yule wa zamu ya usiku alipwe zamu yake.