Kalamu inayoelea angani
Kuna mwandishi anayedai kwamba filamu za bunilizi ya kisayansi hutazamwa mara moja tu, kwa kuwa mbinu zake za picha huchakaa upesi. Sikubaliani naye. Filamu ya 2001: A Space Odyssey ya mwongozaji Stanley Kubrick ilitoka mwaka 1968, kabla binadamu hajakanyaga mwezini, na hadi leo inavutia macho kuliko nyingi zinazotengenezwa kwa kompyuta. Atakayeirudia aikazie macho kalamu inayoelea ndani ya chombo cha abiria: ilibandikwa kwenye kioo kilichozungushwa polepole mbele ya kamera, na ukiangalia vizuri utamwona mhudumu akiibandua badala ya kuidaka. Mwanaanga akimbiaye kuzunguka ukuta naye alikuwa ndani ya pipa kubwa lililozunguka kwelikweli. Sehemu ya mwisho imerefushwa mno, lakini hata hiyo haichushi macho. Je, kuna mliobahatika kuitazama katika ukumbi wa sinema?