Kabla ya kujaza mazuti, tazameni ni mwezi gani

Wiki hii kundi letu la WhatsApp linazungumzia safari ya kuvua tu. Magari matatu yatatoka Lubumbashi mara baada ya Noeli, Kasenga kwanza, kisha Kilwa, mwisho Pweto. Aliyepanga orodha anaijua barabara, hilo simnyimi: tairi mbili za akiba kwa kila gari, kamba ya kuvutia, mbao za kuweka chini ya jeki kwenye matope, bidoni za mazuti (dizeli), unga wa bukari, dawa za malaria. Halafu masanduku ya barafu, sita. Halafu nyavu. Halafu bunduki ya mmoja wetu, "kama tutakutana na nyama njiani". Nimeisoma orodha yote mpaka chini nikitafuta mtu aliyeuliza: mwezi wa kwanza Luapula, mto tunaouendea, ina nini ndani?

Ina samaki wanaozaa.

Mvua zikishika, maji hupanda na kufunika majani ya kandokando, na samaki husogea huko kwenye kina kifupi. Samaki aitwaye pale, huyu tunayemgombania sahanini, dume lake hutengeneza kiota chini mchangani. Jike hutaga, kisha huyakusanya mayai yote kinywani mwake. Yanaanguliwa humo. Vitoto vikianza kuogelea hutoka kidogo, vikishtuka hurudi humo humo. Baba yangu mukubwa alikuwa mvuvi Kasenga, na siku moja alimshika jike mmoja aliyenaswa, akamfungua mdomo kwa kidole gumba. Vitoto vikamwagika ndani ya mtumbwi, vidogo kama punje za mchele, vikirukaruka kwenye maji yaliyotuama miguuni petu. "Angaria, mwana. Mama na batoto, bote mara moja." Akavichota kwa kikopo akavirudisha mtoni, na alijua vizuri kwamba bila mama yao vingi vitaliwa kabla ya jua kuzama.

Sasa wekeni samaki kama huyo kwenye sanduku la barafu, mlijaze, mlizidishe mara sita, mnieleze mmevua nini.

Nani atasema mto ni mkubwa, hauishi? Waulizeni wazee wa Luapula habari za mpumbu. Alikuwa samaki mnene mwenye mayai matamu, na mvua zilipoanza alipanda mto kwa makundi makubwa kwenda kuzaa. Kila mtu alijua mwezi wake na njia yake, na hapo ndipo nyavu zilipotegwa. Enzi za Wabelgiji wafanyabiashara Wagiriki walikaa Kasenga, wakinunua samaki na kuwaleta kwa barafu hadi Elisabethville, yaani hapa kwetu, kulisha mji na watu wa migodi. Kabla hata ya uhuru wa 1960 yale makundi yalikuwa yamekwisha. Mpumbu hakuuawa na ukame wala sumu. Alikatwa njiani akienda kuzaa, mwaka baada ya mwaka, na sisi watu wa mji ndio tuliomla. Ninapoona magari matatu kutoka mji huohuo yakijiandaa kwenda mto uleule katika msimu uleule, damu inanichemka.

Tena tuangalie masoko yetu. Mama wengi hapa mjini wanapika tomsoni wa baharini aliyegandishwa, aliyetoka Namibia, kwa sababu samaki wa ziwa Moero amewashinda bei. Tuna ziwa la zaidi ya kilomita za mraba 5,000, tunaligawana na Zambia, na mtoto wa mitaa yetu ya Kenya au Katuba anakua akimjua zaidi samaki wa bahari asiyoiona.

Wazambia, upande wa pili wa maji hayohayo, hufunga uvuvi kuanzia tarehe 1 Desemba mpaka mwisho wa Februari. Upande wetu nao matangazo ya kufunga husikika, na mvuvi wa kijijini ndiye wa kwanza kunyang'anywa wavu. Yeye ana watoto wa kulisha usiku huohuo. Sisi tunakwenda kwa raha.

Najua, likizo za kampuni nyingi huangukia Desemba na Januari. Hilo ni kweli na sina jibu la kumridhisha kila mtu. Lakini pumziko letu halimpi mtu ruhusa ya kumaliza chakula cha wenzake. Nendeni Januari, sawa, mkaogelee panapofaa, mkatembelee wakwe, mkanunue chisense, wale samaki wadogo kama dagaa, waliokauka. Nyavu zibaki nyumbani.

Kuhusu ile bunduki nitasema machache. Uwindaji una sheria yake tangu tarehe 28 Mei 1982, una kibali na una majira. Kundelungu ni hifadhi ya taifa tangu 1970, Upemba tangu 1939. "Kukutana na nyama njiani" ukiwa na bunduki garini ni ujangili, na sitapanda gari hilo.

Mimi nitakwenda Juni. Barabara imekauka, maji yamejikusanya mkondoni, usiku ni baridi na mbu wamepungua, ingawa chandarua nabeba, na chandarua ni cha kulalia, si cha kuvulia. Nitajaza mazuti mjini, nitavunja noti kubwa kuwa ndogo kwa ajili ya vizuizi vya njiani, nitabeba ndoano na sanduku moja tu la barafu. Ukibeba moja, likijaa umemaliza. Ukibeba sita, utavua mpaka yote sita yajae, hata kama mkono umechoka na samaki wamekuwa wadogo.

Na tukifika, kabla mtu hajatupa ndoano, tutakwenda kwa shefu wa kijiji. Salamu, sukari kidogo na sabuni kwa nyumba yake, kisha swali moja: ni ghuba zipi watu wa hapa huziacha bila kuvuliwa? Wavuvi wakongwe wanazijua. Tutamwomba kijana mmoja wa pale atuongoze, tumlipe siku yake, na akisema mtumbwi usipite kona fulani tutageuza.