Samaki wa Kapteni Ahab

Kuna muuzaji ameweka mtandaoni jagi la Kapteni Ahab, mojawapo ya majagi yenye sura za watu ya kampuni ya Kiingereza ya Royal Doulton, akaliita "baharia mzee na samaki". Samaki! Kapteni Ahab wa riwaya ya Moby-Dick kapoteza mguu, kapoteza merikebu na mabaharia wote isipokuwa mmoja kwa sababu ya nyangumi yule, leo ananadiwa kama mvuvi wa dagaa.

Kinachoniudhi zaidi ni picha zake. Uso, uso, uso tena, kisha mhuri wa chini. Mkono wa jagi, palipo na nyangumi, unachungulia pembeni tu, na huko ndiko hadithi iliko! Toby, lile jagi la kale la umbo la mtu, anakaa mwili mzima, ana magoti na kikombe chake. Haya ya sura yana kichwa na mabega basi. Mfinyanzi aliyetaka kutuletea bahari angeiweka wapi? Kaiweka mkononi. Mwondolee Long John Silver, haramia wa riwaya ya Treasure Island, kwenye jagi la msanifu Max Henk la 1952, kasuku wake uone kinachobaki: mwanamume yeyote mwenye kofia. Yule mtengeneza kofia wa Lewis Carroll, katika hadithi ya Alice, naye, bila panya wake msinziaji na saa yake, ni mzee tu aliyevaa vibaya.

Mpwa wangu, ambaye kitabu humletea usingizi, aliniuliza kwa nini mzee huyu ana kasuku penye sikio. Tulianza kisiwani, tukaingia kwenye hazina na uasi wa mabaharia, chai ikapoa hatuna habari. Hakuuliza nambari ya D, ile ya kiwanda ya kutambulisha kila jagi.

Haya, nambari ina kazi yake. Anayetoa fedha ana haki ya kujua anachonunua. Na nakubali, kwa shingo upande, kwamba si kila mkono una la kusema. Mingine ni ya kushikia tu.

Ila tangazo jingine limenimaliza: Sairey Gamp, "halijawahi kutumika". Charles Noke, mkurugenzi wa sanaa wa Doulton, alianzisha majagi haya pale Burslem, Uingereza, mwaka 1934, na Sairey akafuata 1935, mwamvuli wake ukiwa ndio mkono. Basi muuguzi yule wa Dickens alitaka chupa ya pombe iachwe karibu, aitie mdomoni kila roho ikimtuma. Nawe umemfungia kabatini miaka yote hiyo, kisha unaringa kwamba hajaonja hata tone?