Mama Zawadi, Niangalie Ninapozungumza

Kikao cha wazazi cha Jumamosi iliyopita kimeniachia hasira ambayo hadi leo haijapoa. Mwalimu wa darasa alikuwa akinieleza maendeleo ya binti yangu katika hesabu, nami nimeinamia daftari lililokuwa mezani, nikifuatilia kila neno, alipojikatiza na kusema kwa sauti iliyowafikia wazazi waliokuwa wakisubiri zamu: "Mama Zawadi, niangalie ninapozungumza nawe. Au haya ya mtoto hayakuhusu?" Ningeweza kumrudishia yote aliyoyasema, pamoja na alama za majaribio matatu. Badala yake nilimkazia macho kwenye paji la uso, kama nilivyojizoeza tangu usichana, na kuanzia hapo sikushika tena hata neno moja.

Nina usonji (autism), hali ya kuzaliwa nayo inayoathiri jinsi mtu anavyowasiliana na kuhisi vitu kama sauti na mguso. Niliambiwa hivyo nikiwa na miaka 34, baada ya binti yangu kubainika, kwa sababu kila swali nililoulizwa kumhusu yeye nilijikuta nikilijibu moyoni kunihusu mimi. Jamaa zangu walikuwa na jibu moja tu: "Usonji gani, nawe una mume na mtoto?" Kumbe huisha mahari ikishapokewa! Kila tarehe 2 Aprili, siku ya usonji duniani, tunahimizwa kuwapenda watoto wenye usonji, kana kwamba watoto hao hawakui.

Lililoniuma zaidi ni upendo wangu kupimwa kwa macho. Shutuma hiyo ni kongwe. Daktari wa akili wa watoto, Leo Kanner, alipoandika mwaka 1943 kuhusu watoto 11 wenye usonji, aliongeza kwamba miongoni mwa wazazi wao wenye moyo mchangamfu walikuwa wachache mno, na kwa miaka mingi baadaye kina mama walibebeshwa lawama kwamba ubaridi wao ndio uliowaharibu watoto, mwandishi wa saikolojia ya watoto, Bruno Bettelheim, akiitetea hoja hiyo hadi katika kitabu chake cha mwaka 1967. Wataalamu walikwisha kuitupa nadharia hiyo, na leo inajulikana kwamba usonji kwa sehemu kubwa hurithiwa, lakini shuleni kwetu niliikuta ingali hai, imeshika kalamu nyekundu. Angeniuliza, ningemwambia kwamba nimekata lebo zote za sare ya binti yangu kwa kuwa hata mimi zinanikwaruza, kwamba maharage yake hayagusi wali, na kwamba akinibonyeza kidole gumba mara tatu ndani ya daladala, tunashuka kituo kinachofuata, hata kama tumekwisha kulipa nauli na nyumbani bado ni mbali.

Nakiri, kwa shingo upande, kwamba si kazi nyepesi. Kilio chake cha uchanga kilinipasua kichwa, nikawa namnyonyesha nikiwa na pamba masikioni, mpaka mama mkwe alipoziona na kutangaza kwamba mwanawe ameoa jiwe. Hata hivyo, katika arobaini yangu mtoto hakunishinda. Walionishinda ni wageni, waliojaa chumbani tangu asubuhi, wakizungumza wote kwa pamoja juu ya kichwa changu, kwa sababu mzazi hafungi mlango.

Nimemwandikia mwalimu barua ya kurasa mbili, nikimwomba kikao kijacho anieleze mambo huku sote tukitazama daftari. Zawadi, ambaye sasa ana miaka 9, ameisoma na kunishauri nifute sentensi moja, ile ya kejeli. Bado sijaifuta.