Msaidizi wa sheria na sheha: wakae pamoja au kila mtu na kwake?

Kuna hoja inayosemwa sana Unguja na Pemba kila jumuiya za msaada wa kisheria zinapotajwa: jumuiya inayotoa ushauri wa sheria bure isishirikiane na mtu ambaye kesho huenda mwananchi akaja kumlalamikia. Sheha, kiongozi wa shehia, eneo dogo kabisa la utawala Zanzibar, ni mtu wa serikali, wanasema. Anateuliwa na Mkuu wa Mkoa, barua zote ziko mkononi mwake, na akitaka kumzungusha mtu atamzungusha. Msaidizi wa sheria, yaani mtu wa jumuiya aliyefunzwa sheria bila ya kuwa wakili, akionekana amekaa benchi moja na sheha, watu waliokuwa wakimhitaji zaidi watapita mbali.

Hoja hiyo ina uzito, na nitaifikia. Lakini wengi wanaoisema wanafikiria kesi ya aina moja tu, ile ya mwananchi na dola. Kinachojaza madaftari ya wasaidizi wa sheria huko mashamba ni matunzo ya watoto baada ya talaka, mirathi, na mipaka ya ardhi. Katika mambo hayo sheha si mdaiwa. Ndiye shahidi, ndiye anayeandika barua ya kuanzia safari ya kwenda kwa kadhi au Kamisheni ya Wakfu na Mali ya Amana, inayoshughulikia mirathi ya Waislamu, na mara nyingi ndiye anayejua marehemu aliacha wake wangapi na watoto wepi wako bara.

Chukua eka tatu. Baada ya Mapinduzi ya 1964 ardhi ilifanywa mali ya serikali, na kuanzia 1965 familia zikagaiwa eka tatu tatu. Aliyepewa alipewa haki ya kuitumia; hakupewa ardhi ya kuuza. Leo wengi wa waliopewa wamekwishafariki, na wanaogombana ni watoto na wajukuu. Juu ya hilo kuna miti. Kwetu mtu anaweza kumiliki mikarafuu iliyosimama kwenye ardhi isiyokuwa yake, na miti hiyo ikarithiwa kwa mafungu ya kifara'idhi, yaani ya mirathi ya Kiislamu, huku ardhi iliyo chini yake ikifuata sheria nyengine, Sheria ya Umiliki wa Ardhi ya 1992. Msimu wa karafuu ukiingia, ndugu wanafika shambani na magunia, na hapo ndipo inapojulikana kwamba hakuna aliyewahi kuandika mkarafuu upi ni wa nani.

Wakili wa mjini, hata awe hodari vipi na hata ajitolee bila ya kulipwa, ugomvi huo hauwezi akiwa peke yake. Atataka hati, na hati hakuna. Kinachotakiwa ni watu watatu wanne waingie shambani: msaidizi wa sheria anayejua fungu la binti ni lipi, sheha anayejua mpaka ulipita wapi, na mzee mmoja au wawili waliokuwapo. Wakikubaliana wanaandika, wanatia saini. Mahakama ya Ardhi haikufunguliwa jalada, hakuna aliyelipa nauli ya kwenda Chake Chake mara kumi. Na kwa kuwa hakuna jalada, kazi hiyo haionekani katika hesabu za mtu yeyote.

Nataka kukaa kidogo kwenye jambo ambalo wapinzani wa ushirikiano huu hawaligusi, nalo ni muhali, ile haya ya kumuudhi au kumvunjia heshima mtu wako. Dada aliyenyimwa fungu lake na kaka yake hamshitaki kaka yake. Si kwamba hajui haki yake. Darsa anakwenda na aya ya mirathi ameisikia. Anaona muhali. Akifungua kesi, harusi ijayo nani atamwita, na siku ya msiba wake nani atasimama? Lakini kwenda kwa sheha si kushitaki. Kwa sheha watu wanakwenda kila siku, kwa cheti cha kuzaliwa, kwa barua ya mkopo, kwa mbuzi aliyekula muhogo wa jirani. Mwanamke akionekana ameingia pale hakuna atakayeuliza. Akionekana ameingia ofisi yenye kibao cha msaada wa kisheria, magharibi haijaingia kijiji kizima kinajua kwamba fulani anampeleka kaka yake mahakamani. Hiyo ofisi ya peke yake tunayoambiwa ndiyo salama, kwa dada huyu ndiyo inayomweka hadharani. Benchi la sheha linamsitiri, na pale pale, kama msaidizi wa sheria yupo, anaambiwa kwa maneno yanayoeleweka kwamba fungu lake ni nusu ya fungu la kaka, si sadaka ya kaka, na kwamba halipotei kwa sababu ameolewa kijiji chengine.

Muhali huo huo lakini ndio unaowapa wapinzani hoja yao yenye nguvu kuliko zote. Mtoto akidhalilishwa kijinsia na ami yake, wazee wa pande mbili wakakaa, wakaitana, wakataka yaishe ndani ya nyumba, sheha naye ni jirani na pengine ni mkwe. Hapo msaidizi wa sheria aliyezoea kutafuta sulhu pamoja na sheha yuko katika hatari ya kuitafuta pasipo na sulhu. Jinai haisuluhishwi kwenye baraza. Njia yake ni polisi na Kituo cha Mkono kwa Mkono hospitali, panapopokelewa waliodhalilishwa, na ushirikiano unaofaa hapo ni wa msaidizi wa sheria na daktari na mpelelezi. Jumuiya isiyowafundisha watu wake kutofautisha mambo haya mawili, ni heri isiwatume.

Na kuna kitambulisho. Malalamiko ya watu walionyimwa na masheha wao fomu ya kitambulisho cha Mzanzibari Mkaazi, ambacho bila yake mtu haandikishwi kupiga kura, yamesikika uchaguzi baada ya uchaguzi, khasa Pemba. Mtu mwenye lalamiko hilo hatakwenda kulisema kwenye benchi la aliyemnyima. Hapa sina la kubishana na wapinzani wa ushirikiano huu. Wamesema kweli.

Kuhusu wafadhili nitasema machache, maana hayo yamesemwa sana. Fedha za nje zimefanya mengi: mfuko wa Legal Services Facility, ulioanza 2011 kwa fedha za Denmark, umewafikisha wasaidizi wa sheria mahali ambapo wakili hajawahi kukanyaga, bara na visiwani. Lakini Januari 2025 Marekani ilisimamisha misaada yake ya nje kwa ghafla, na jumuiya za nchi nyingi zikajua nguzo yao ilikuwa imesimama juu ya nini. Tena mfadhili hulipa mafunzo, mabango na semina. Mama wa Micheweni, Pemba, aliyeshinda matunzo kwa kadhi, baba wa watoto akalipa miezi miwili kisha akakaa kimya, anahitaji mtu wa kurudi naye kukazia hukumu, na fungu hilo kwenye bajeti ni nadra kuliona.

Sheha hana mradi wa kumalizika. Ndiyo maana naona kosa kumwacha nje. Sheria ya Msaada wa Kisheria, Namba 13 ya 2018, imekwishaipa kazi hii uhalali, na Kituo cha Huduma za Sheria Zanzibar kilikuwa kikiifanya tangu 1992, zamani kabla ya sheria hiyo. Kilichobaki ni kuandikiana masharti na masheha wenyewe, shehia kwa shehia. Sheha atoe nafasi na barua, na asikae ndani mtu anaposhauriwa. Daftari la msaidizi wa sheria liondoke na mwenyewe, lisilale ofisini kwa sheha. Kesi yoyote ya udhalilishaji ipelekwe polisi siku hiyo hiyo, bila ya kikao. Na lalamiko lolote linalomhusu sheha lipokelewe wilayani, na msaidizi wa shehia nyengine, kwa simu ikibidi, na namba hiyo ibandikwe msikitini, skuli na kituo cha afya, si kwenye mlango wa sheha peke yake.

Masharti hayo yanaenea ukurasa mmoja. Sheha atakayekataa kuyatia saini atakuwa amekwishatuambia kwamba kwake tutafute benchi jengine. Sidhani kama watakuwa wengi. Masheha wanaochoshwa na ugomvi wa mikarafuu kila msimu ninawajua, na wangeshukuru kupata mtu wa kukaa naye.