Gari Halikunoki

Tulikuwa tunapeleka posa ya mdogo wangu Iringa. Gari langu, mimi dereva. Harrier ya mwaka 2004, injini ya V6 ya lita tatu, ile inayokunywa mafuta kama imealikwa. Nyuma alikaa Shangazi na kapu lake ambalo hakuna aliyeruhusiwa kuuliza lina nini. Mbele alikaa Mjomba, msemaji wa ukoo, suti ya kahawia, bahasha ya mahari kwenye mfuko wa kifuani, na kila tukipita tuta anaipapasa.

Tangu tunatoka Dar alikuwa na mada moja: harusi ya binti yake mwaka jana, nani alichanga na nani alijificha.

"Wewe mpwa wangu sikulaumu," akasema tulipofika Chalinze. "Kadi haikukufikia."

"Haikunifikia, Mjomba. Nadhani yule kijana uliyemtuma aliipoteza njiani."

"Haina neno," akasema, kwa sauti ya mtu ambaye neno analo.

Nikaongeza sauti ya redio.

Ndani ya hifadhi ya Mikumi, Mjomba akiwa anahesabu twiga, ikawaka taa ya injini kwenye dashibodi. Ya njano, kijipicha cha injini, imetulia tu. Hapohapo gari likawa zito. Nikikanyaga mafuta linaunguruma, lakini haliendi, kama mtoto aliyetumwa dukani: anaitika "naenda" na bado yuko kwenye kochi. Mabasi yakatupita. Halafu likatupita lori la saruji, na dereva wake akatupungia mkono kwa huruma. Mjomba hakupunga.

Tukajikokota hadi Ruaha Mbuyuni, pale vitunguu vinapouzwa kando ya barabara, kabla ya kuanza kupanda Kitonga. Mimi ninacho kile kidude cha kupimia, unakichomeka chini ya usukani, kinaongea na simu. Nilikinunua Kariakoo na tangu siku hiyo najiona nusu fundi. Kikaleta namba: P0325. Nusu fundi akaishia hapo. Nikampigia fundi mzima, Dar. Mtandao ulikuwa wa kuokoteza, simu imebaki na chaji asilimia tatu.

"Fundi, imeandika P0325."

"Aaah, bosi, hiyo ni nok..." krrr, "...noki..." krrr, "...Kitonga usiilazimishe..."

Simu ikazima.

Sasa, kwa asiyeijua lugha ya gereji zetu: gari likinoki, huo ni msiba. Beringi zimesagika, injini inagonga kama mtu anatwanga kisamvu, na kinachofuata ni kwenda kutafuta injini nyingine na mkopo wa kuinunulia. Nikachomoa ufunguo kwa kasi. Nikawatangazia wenzangu: "Imenoki."

Shangazi akajitanda khanga kichwani. Mjomba peke yake ndiye aliyeuliza swali la maana siku ile yote:

"Imenoki vipi na muda huu ilikuwa inawaka, wala haigongi?"

Nikamwambia hata kuku akishachinjwa hukimbia kidogo.

Akapatikana mwenye lori lililoshusha mzigo, linarudi Iringa tupu. Alianza na laki nne, tukaishia laki mbili na nusu. Gari la otomatiki sikutaka livutwe kwa kamba mlima ule, kwa hiyo lori likarudishwa nyuma hadi kwenye tuta la udongo, zikawekwa mbao, na vijana wa vitunguu wakaisukuma Harrier hadi juu. Shangazi akaingia mbele na dereva. Mimi nikabaki nyuma kushika kamba. Mjomba akakataa kubanana.

"Mimi nina kiti changu," akasema. Akapanda, akaingia ndani ya Harrier, akafunga mkanda.

Ndivyo tulivyopanda Kitonga. Lori linapumua kona baada ya kona, bonde liko chini huko hutaki kulitazama, na juu ya lori, ndani ya gari, Mjomba kakaa wima kwenye kiti cha mbele na suti yake, kioo kimeshushwa. Abiria wa basi moja walimpigia makofi. Safari hii alipunga.

Nyumbani kwa wakwe walikuwa wamejipanga uani. Walipoona lori linaingia na Harrier mgongoni, wakina mama wakaachia vigelegele ambavyo sijawahi kuvisikia. Mzee mwenye nyumba akasogea, "Kamwene, kamwene," huku macho yakiwa juu ya gari, si juu yetu.

"Jamani," akasema, "tulitaja ng'ombe tu. Gari mmeongeza wenyewe?"

Mjomba ni msemaji mzuri, lakini alikuwa bado anahangaika na mkanda. Mimi ndiye niliyejibu, na jibu langu litasimuliwa kwenye ukoo ule hata nikifa.

"Hapana, mzee, hili limenoki."

Vigelegele vikakatika kama redio iliyoishiwa betri. Bibi mmoja akauliza, si kwa kunong'ona, "Wametuletea gari bovu?"

Ilichukua bahasha, kapu la Shangazi (lilikuwa na vitenge na asali) na saa nzima ya maneno kuyaweka sawa. Usiku simu ilipopata chaji nikampigia fundi, nikaweka sauti ya wazi ili wote wasikie ukubwa wa msiba wangu.

"Kunoki? Nani kasema imenoki? Nilisema nok sensa, bosi! Sensa! Ungepanda Kitonga mwenyewe, polepole, bila kuilazimisha. Umelizima la nini?"

Kimya. Kisha Mjomba akakohoa.

"Sensa si ilipita? Mimi tarehe 23 Agosti 2022 nilikuwa nyumbani, nikahesabiwa."

Asubuhi wakwe wakatuitia fundi wao, kijana mpole, maneno machache. Akafungua boneti, wazee wakavuta viti na chai, wakakaa kama wanatazama mpira. Mzee mwenye nyumba akataka aelezwe kitu gani kimemleta mkwe juu ya lori.

"Nok sensa ni sikio la injini, babu," akasema yule kijana. "Mafuta na hewa vinatakiwa viungue kwa mpangilio. Plagi inatoa cheche, moto unatembea kutoka pale hadi mwisho wa silinda. Sasa injini ikipata joto sana, au mafuta yakiwa hafifu, au masizi yakijaa ndani, ule mchanganyiko uliobaki pembeni hausubiri moto uufikie. Unalipuka wenyewe. Ukisikiliza ni kama sarafu kwenye kopo. Ikiendelea, inatoboa pistoni."

"Na hilo sikio?"

"Limefungwa kwenye bloku. Ndani lina kijiwe ambacho kikitikiswa kinatoa umeme kidogo. Mlipuko ule una mtikisiko wake, tofauti na kelele nyingine za injini. Kompyuta ikiupata, inachelewesha cheche kidogo na mlio unakata. Halafu inairudisha taratibu. Sasa kompyuta ikiona sikio haliongei kabisa, inaogopa. Inachelewesha cheche muda wote, isije ikaua injini bila kujua. Ndiyo maana gari linakosa nguvu na mafuta yanakwenda."

"Ni kama mimi bila miwani," mzee akasema. "Natembea polepole tu."

Kwenye injini hii sensa ni mbili, moja kila upande, na zimefichwa katikati ya V, chini ya manifoldi. Aliyezipanga pale hakuwa na nia ya kuzigusa tena. Kijana alitumia asubuhi nzima kufungua hadi kufika. Mimi nilishasema anunue mpya zote mbili, niondoke na heshima iliyobaki. Akakataa.

"Namba inasema njia ya sensa ina kasoro. Haisemi sensa imekufa. Watu wengi wanabadilisha sensa na taa inarudi palepale, kwa sababu shida ilikuwa waya."

Akaweka mita kwenye sensa, akagonga bloku taratibu kwa spana ndogo. Namba zikacheza. Akagonga tena, zikacheza tena. Ingekuwa imepasuka, au imeshika kutu pale kwenye plagi ya waya, au inagongwa na kukaa kimya, hapo ndipo angenituma dukani. Na mpya, akasema, haifungwi kwa nguvu za ugali: ina kipimo chake cha kukaza, na chini yake haiwekwi gundi wala washa, la sivyo inasikia vibaya. Nilitikisa kichwa kama ninayejua. Nilikuwa nayafahamu maneno mawili, ugali na gundi.

Kisha akaufuata waya. Waya wa sensa hii umevikwa wavu wa chuma ili umeme wa plagi usiuvuruge, lakini wavu ule haukutengenezwa kwa ajili ya panya wa Dar. Ulikuwa umetafunwa ukakatika. Na pembeni, katikati ya V, penye joto zuri, kulikuwa na kiota.

"Hee," akasema kijana. "Alihamia kabisa huyu."

Akaanza kukitoa kwa koleo. Maganda ya karanga. Sponji ya kiti changu. Na karatasi, karatasi nyingi, ngumu, za rangi ya maziwa, zenye maua ya dhahabu pembeni. Niliyatambua yale maua kabla ya mtu mwingine yeyote. Kadi ile niliitia mwenyewe kwenye kisanduku cha dashibodi mwaka jana, nikafunga.

"Mwachie huyo kijana afanye kazi," nikasema. "Twendeni tukanywe chai ndani."

"Chai si hii tunakunywa," Mjomba akasema. Akainuka, akavaa miwani, akaokota kipande kimoja. Kisha cha pili. Akavipanga kwenye kiti chake, polepole, kama mtu anayecheza karata na ana siku nzima. Jina la binti yake. Tarehe. Chini, kwa mwandiko wake mwenyewe, jina langu, na neno "mpendwa" limetafunwa nusu.

Hakusema kitu. Alivikusanya, akavitia mfuko uleule wa kifuani uliokuwa na bahasha ya mahari, akamgeukia fundi.

"Huyu unamdai kiasi gani?"

"Waya, gasketi ya manifoldi na kazi, laki moja na nusu, mzee."

"Andika laki mbili na nusu," Mjomba akasema. "Hiyo laki nitaipitia kwako."