Kichwa cha Baba, Tumbo la Mama

Nondo alifika mkavu, mabawa yamefumbwa ndani ya karatasi ya pembetatu, na juu yake maandishi: Attacus crameri, dume, Seram, yaani jina la kisayansi, jinsia na kisiwa cha Indonesia alikotoka. Mwenye mali alitaka nimtandaze mabawa na kuthibitisha jina.

Nondo mkavu hatandazwi kwa nguvu, atabaki vumbi. Chukua kopo la plastiki lenye kifuniko, tandika kitambaa kilicholoweshwa na kukamuliwa, weka wavu juu yake ili asiguse maji, kisha pembeni punje chache za thaimoli kuzuia ukungu. Nondo mkubwa hivi huhitaji siku mbili, tatu, mpaka misuli ya mabawa ilegee.

Kesho yake nikafunua kuchungulia. Papasi moja, yaani kipapasio cha kichwani, imelala peke yake kwenye wavu. Nikasema haidhuru, misukosuko ya posta. Nikamgusa kwa kibano: tumbo likaagana na kifua taratibu, kama mpangaji anayehama usiku. Miguu miwili ikalifuata.

Kila palipoachana palikuwa na utelezi mweupe. Gundi ya mbao! Ikikauka huwa angavu, huioni. Ikipata unyevu hulainika na kurudia weupe wake.

Nikaingia kwenye darubini. Papasi pana, zenye matawi marefu: dume. Bawa la mbele jembamba, ncha imechongoka: dume tena. Tumbo nono, nikalipasua ubavuni, mayai makavu yakamwagika.

Matumbo ya nondo hawa ndiyo yanayosumbua. Nondo aliyekomaa hali chochote. Anaishi kwa mafuta aliyojilimbikizia alipokuwa kiwavi. Akishakufa mafuta hayo huchuruzika hadi kwenye mabawa, kwa hiyo wauzaji wengine hulikata tumbo mapema. Lisipokatwa, wadudu walaji wa mizoga hulitoboa. Kisha mteja akitaka nondo mzima, hubandikwa tumbo lolote lililobaki mezani.

Hapo jina linaharibika. Kisiwa cha Sulawesi kina spishi ya Attacus erebus, Timor ina dohertyi, visiwa vya Kei vina aurantiacus, Seram na Ambon ni crameri; Java na Sumatra ni za atlas, aliyepewa jina na Linnaeus, mwanasayansi wa Uswidi, mwaka 1758. Rangi za mabawa hutofautiana hata ndani ya spishi moja, ndiyo maana ncha ya tumbo huloweshwa usiku kucha katika potasiamu hidroksidi ya asilimia 10, nyama ziyeyuke, zibaki sehemu ngumu za uzazi za kulinganisha. Mguu mmoja nao hupelekwa kupimwa DNA. Sasa pima tumbo la Java na mguu wa Timor: nondo mmoja, raia wa visiwa vitatu, bila pasipoti.

Kabla ya kulainisha, tazama kwa lenzi ya mara 10 pale tumbo linapokutana na kifua. Manyoya yaliyolala na kung'aa ni dalili mbaya. Gusa kwa brashi yenye maji. Pakigeuka peupe, tenga vipande, kila kimoja na kichupa na lebo yake.

Simu ikalia.

"Fundi, ni dume kweli?"

"Mzee, kichwa kinasema dume, tumbo linasema jike, na miguu miwili sijui ya nani."

Kimya kidogo.

"Kwa hiyo nimepata nondo watatu kwa bei ya mmoja?"